Kiti cha Mji

Benchi letu liko mbele ya duka la vifaa la Gunderson, linaitazama barabara inayopanda kwenda chuoni. Liliwekwa kwa ajili ya wateja wanaosubiri misumeno yao inolewe. Siku hizi wateja hawasubiri, kwa hiyo tunakaa sisi. Kahawa inatoka ndani, kwenye birika kubwa la umeme ambalo Gunderson huliwasha anapofungua duka, na halijazwi tena mpaka kesho yake. Ni kahawa nyepesi; unaweza kuona kitako cha kikombe kupitia humo. Tuko wanne. Arvid Tollefson ni Dizeli, fundi wa matrekta. Lorna Pruitt ni Jaji; hajawahi kuwa jaji, alikuwa mpiga chapa wa mahakama mpaka alipostaafu. Virgil Stenberg ni Redio, na sababu itaonekana. Mimi wananiita Profesa kwa kuwa niliwahi kukutwa hapa na kitabu. Maprofesa halisi wanapita mbele yetu kila asubuhi na baiskeli zao, na hao tunawaita kwa majina ya kwanza.

Ilikuwa mwisho wa Aprili. Theluji ilikuwa imebaki rundo moja jeusi kwenye kona ya maegesho. Alasiri ya siku hiyo Signe, binti pekee wa Dizeli, alikuwa asimame mbele ya walimu wake kuitetea kazi yake ya mwisho chuoni. Kwetu jambo hilo lina utaratibu wake. Kilima ambacho chuo kimejengwa juu yake kilikuwa mali ya mji, na mji ulipokitoa ulidai kitu kimoja: katika kila mtihani wa aina hiyo pawe na kiti cha mji, na anayekikalia ndiye aulize swali la kwanza. Mwalimu hafungui mdomo kabla ya mji kuuliza. Kiti kinazunguka nyumba kwa nyumba, kila mtihani na nyumba yake. Mwaka huu cha Signe kilifika nyumbani kwetu, na aliyeandikishwa ni mke wangu, Adela. Alikuwa amekisubiri kwa hamu kuliko kitu chochote nilichowahi kumwona akikisubiri. Alifariki Novemba. Chuo kilipiga simu kuuliza kama nyumba itakaa. Nikasema itakaa.

Redio: Profesa, swali umeshalipata?

Mimi: Bado.

Redio: Bado! Jamani, mtoto wa watu anasimama leo, yeye bado. Mimi ningekuwa nayo kumi, nachagua tu.

Jaji: Ndiyo maana kiti hakijafika kwako.

Redio: Kitafika. Nyumba yangu iko mtaa wa Elm, wakimaliza Oak wanaingia Elm. Siku hiyo mtabeba viti vyenu kutoka nyumbani.

Dizeli: Swali lipo. Ninalo mimi.

Alisema huku akiangalia barabara, kama mtu anayesoma bango lililo upande wa pili.

Dizeli: Muulize hivi: Binti Tollefson, hiki ulichokisoma kitakulisha nini? Basi. Ukitoka, pitia karakana unipe alichojibu.

Jaji: Mbele za watu, Dizeli?

Dizeli: Mbele za watu ndiyo. Nyumbani nikimuuliza ananiambia, baba tutaongea. Tutaongea, tutaongea, miaka minne. Pale ukumbini hawezi kusema tutaongea.

Jaji: Ukumbusho kidogo tu, bwana. Mwaka jana Harlan alipopewa kiti alimuuliza yule kijana wa vinyago, hiki kimoja kinauzwaje. Mnakumbuka ilivyokuwa? Mtoto akakauka. Walimu wakaanza kumhurumia. Wakishaanza kukuhurumia hawakuulizi tena la maana, wanakuuliza vitu vya kukubembeleza, na mwisho wanakupa alama ya kukubembeleza. Swali la kwanza ndilo linaloamua mtihani mzima uende wapi.

Dizeli: Mimi sitaki ahurumiwe. Nataka ajibu.

Redio: Lakini kaka, hebu tuseme ukweli. Anasoma nini hasa? Maana kila ukimsikia mtu ana jibu lake. Gunderson anasema hesabu. Mchungaji anasema muziki. Juzi mimi nimemwona na mbao za kuchorea, rangi mpaka kwenye nyusi.

Dizeli: Vyote. Ndicho chuo chenyewe hicho. Unampeleka mtoto akasome hesabu, wanamwambia sawa, lakini kwanza chora. Ukishachora, soma riwaya. Ukishasoma riwaya, imba. Hesabu yako tutakupa baadaye ukiwa umetulia.

Redio: Wanamchosha ili asikimbie.

Dizeli: Mwaka wa kwanza walimtia kwenye uchoraji. Akaja Krismasi, tumesimama uani, ananiambia, baba, kivuli kwenye theluji si cheusi, ni cha buluu. Nimeishi na theluji miaka sitini na kitu.

Jaji: Na ni cha buluu?

Dizeli: Shida ndiyo hiyo. Ni cha buluu. Sasa siwezi tena kukiona cheusi.

Redio alicheka mpaka akalazimika kushika kikombe kwa mikono miwili. Dizeli hakucheka.

Dizeli: Mwaka wa pili, riwaya. Akaja na kitabu cha mzee mmoja ambaye haongei. Kurasa mia tatu mzee haongei, anajenga ua wa mbao tu. Akaniambia nisome, eti nitajiona. Nikasoma hadi katikati.

Jaji: Ukajiona?

Dizeli: Ua wenyewe ulikuwa umejengwa vibaya.

Jaji: Mimi naijua dawa ya riwaya. Nimekaa mahakamani miaka yote ile naandika kila neno linalotoka kinywani mwa mtu. Anayesoma hadithi nyingi anajua kudanganya kwa mpangilio: mwanzo, katikati, mwisho. Wakili anapata taabu naye. Na anayejua hesabu ndiye anayeukamata uongo, maana anaona tarehe hazikubaliani. Sasa chuo kinawafundisha vyote viwili.

Redio: Ili wasikose kazi! Huyu anadanganya, huyu anamkamata, wote wamesoma darasa moja! Lakini Jaji, umefika nusu ya njia tu. Sikilizeni. Muziki ni nini? Mawimbi. Hesabu ni nini? Namba za mawimbi. Nani ana haja na mtu anayejua mawimbi na namba zake?

Jaji: Kanisa.

Redio: Serikali! Mnadhani kile chuo kinaishije hapa kwenye mashamba ya mahindi? Watoto elfu moja na ushei, maprofesa wana viatu vizuri, na hakuna kiwanda. Fikirini. Wanawachukua hawa wa muziki na hesabu, wanawaweka kwenye chumba kisicho na madirisha, wanasikiliza nyangumi.

Jaji: Nyangumi wa nini tena?

Redio: Nyangumi wa maadui zetu ng'ambo. Wamefunzwa kuimba kwa namba. Na uchoraji ni wa kuchora sauti, maana sauti haipigwi picha. Na riwaya ni ya kutunga jibu la kumwambia mama yako ukiulizwa unafanya kazi wapi. Kila kitu kimekamilika! Ni shule ya ujasusi, ila wameipandia maua.

Dizeli: Signe hawezi kuwa jasusi. Anapoteza glavu kila wiki.

Redio: Hivyo ndivyo wanavyotakiwa waonekane.

Dizeli: Redio, mimi nazungumza mambo ya mwanangu. Mwezi wa sita anamaliza. Hajasema anakwenda wapi. Karakana ile tuliijenga na marehemu baba, zege tulilimwaga wenyewe. Mlango wa pili niliuongeza alipozaliwa. Nikafikiri, basi, mkono wa hesabu anao, ataendesha yeye, mimi nitashika spana. Sasa nataka kujua tu. Arudi au asirudi, nijue.

Gari la shule likapita likiwa tupu. Redio akaingia ndani kuongeza kahawa, akarudi na taarifa kwamba birika limeanza kukoroma, dalili kwamba imebaki kidogo.

Dizeli: Na wewe Profesa umepigiwa simu na mwalimu wake. Mimi baba mtu sikupigiwa. Amefanya nini hasa?

Sikupenda kuwa wa kwanza kumwambia. Lakini aliuliza waziwazi, na mbele ya wenzake, kwa hiyo nilimjibu kama mwalimu alivyonieleza.

Mimi: Ametunga wimbo wa waimbaji wanne. Wanasimama kwenye mstari. Kila baada ya ubeti, wawili waliosimama jirani wanabadilishana nafasi, na ni hao wawili tu. Alichokitafuta ni safari ambayo itaupanga mstari kwa kila namna inayowezekana, namna yoyote isijirudie, halafu mwishoni warudi walivyoanza. Namna ziko ishirini na nne. Amethibitisha kwa hesabu kwamba safari hiyo ipo. Kisha akautunga wimbo wenyewe, akaandika maneno yake, na akachora picha moja kwa kila namna. Ukifumba macho, sauti zinahama kutoka mkono huu kwenda ule.

Redio: Yaani wanaimba huku wanahamahama kama foleni ya msalani.

Dizeli: Wawili tu kwa wakati mmoja?

Mimi: Wawili tu.

Dizeli: Na lazima wawe jirani?

Mimi: Lazima.

Dizeli: Haiwezekani. Watakwama. Utafika mahali kila anayesogea anakurudisha ulikokwisha kupita.

Jaji: Si tujaribu? Tuko wanne.

Sijui kwa nini tulikubali. Tuliweka vikombe juu ya ukingo wa dirisha la Gunderson, tukasimama mstari mbele ya benchi: Redio, Jaji, Dizeli, mimi. Jaji ndiye aliyeshika kumbukumbu, kwa kuwa kazi yake ya maisha ilikuwa kukumbuka nani amesema nini baada ya nani. Redio na Jaji wakabadilishana. Kisha Redio na Dizeli. Kisha Redio na mimi, na Redio akawa amevuka mstari mzima akisema kwamba wimbo huu bila shaka unamhusu yeye.

Jaji: Sasa Jaji na Dizeli.

Dizeli: Hapana, sasa Dizeli na Profesa.

Jaji: Nani anaandika, mimi au wewe?

Tuliendelea. Mwanzoni ilikwenda vizuri, hata tukapata mwendo wake, kila mmoja anajua bega la nani linakuja. Wanafunzi wawili waliokuwa wanashuka na baiskeli walipunguza kasi kututazama, kisha wakaamua kwamba haiwahusu. Redio alijaribu kuimba. Alipopishana na mimi kwa mara nyingine alipiga teke kikombe kilichokuwa kimesahauliwa chini, kahawa ikaingia kwenye kiatu chake.

Jaji: Simameni. Hii tumeshaipita.

Redio: Hatujaipita! Mara ile Profesa alikuwa pembeni.

Jaji: Alikuwa hapohapo alipo, na wewe ulikuwa unalalamika jua linakupiga jicho. Rudini hatua moja. Dizeli na mimi.

Dizeli: Hiyo ni ya mwanzomwanzo, tulishatoka nayo.

Jaji: Basi Redio na Dizeli.

Mimi: Hiyo nayo tumeipita.

Jaji: Wewe na Redio.

Dizeli: Tumeipita. Tumekwama. Nimewaambia.

Tulibaki tumesimama kwenye mstari. Hakuna aliyeweza kusogea bila kuturudisha tulikotoka, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuuvunja. Dizeli aliutazama mstari kwa muda, kichwa kimeinama upande mmoja, kama anavyoitazama injini inayokataa kuwaka.

Dizeli: Na yeye ameimaliza?

Mimi: Ameimaliza.

Dizeli: Mwalimu alimwonyesha?

Mimi: Mwalimu amesema hapana. Alikuja nayo imekwisha.

Dizeli: Kwenye karatasi.

Mimi: Kwenye karatasi, na kwenye piano.

Dizeli: Piano ipi? Kwetu hakuna piano.

Mimi: Ya kanisani. Alikuwa anakwenda jioni. Ana ufunguo.

Dizeli: Ufunguo alipewa na nani?

Mimi: Adela.

Adela alikuwa mpiga kinanda wa kanisa. Dizeli aliitikia kwa kichwa, taratibu. Sikuwa nimemficha, hakuwahi kuuliza, nami sikudhani kwamba hajui. Tulikuwa tumekwisha kuuvunja mstari bila kuambiana. Jaji alichukua kikombe chake dirishani, akakirudisha, akanigeukia.

Jaji: Profesa, samahani. Adela angemuuliza nini?

Mimi: Sijui.

Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimelifikiria hilo tangu siku chuo kilipopiga simu, na mara nyingi kabla ya hapo nilidhani naweza kumalizia sentensi zake.

Redio: Angemuuliza kitu cha kanisani. Sauti ya tatu ikikohoa inakuwaje.

Jaji: Redio, nyamaza.

Redio: Mimi nasaidia!

Dizeli: Swali ni lilelile. Hakijabadilika kitu. Amemaliza, vizuri, ana akili, najua ana akili, kaitoa kwa mama yake. Kitamlisha nini? Profesa, utauliza au huulizi?

Mimi: Kiti ni cha mji, Arvid. Si chako wala changu.

Dizeli: Mimi si mji?

Hapo mwanamke mmoja akashuka kutoka kwenye gari dogo lililokuwa limepakwa chumvi na matope mpaka madirishani, namba zake za Texas. Koti lake lilikuwa jepesi mno kwa mwezi wetu wa Aprili. Alitusogelea akiwa ameshika mfuko wa karatasi kwa mikono miwili.

Mwanamke: Habari zenu. Nimewaona mnacheza. Sikutaka kuwakatiza.

Redio: Hatuchezi, mama, tunafanya utafiti.

Mwanamke: Chuo ni huku juu?

Jaji: Huku huku, unapanda tu. Lakini kama ni mitihani ya alasiri, umewahi mno. Kaa upate joto. Redio, mletee mgeni kahawa.

Redio alikwenda, akarudi na nusu kikombe. Alisema ndiyo ya mwisho, na kwamba amelilaza birika ubavu kuipata. Mwanamke alijitambulisha: Eulalia Montemayor, anatoka Laredo, anafua mashuka ya hospitali huko. Mwanawe, Rubén, anatetea kazi yake alasiri hiyo, ya mashairi. Amemwendea kwa gari, peke yake, akilala njiani kwenye maegesho ya malori. Mfukoni alikuwa na keki ndogo za mahindi alizozioka kabla ya kuondoka, na alitugawia zote bila kuuliza kama tunataka.

Jaji: Mashairi! Na wewe unayajua, mama?

Eulalia: Mimi? Hata. Amenipigia simu akanisomea kazi yote, kutoka mwanzo mpaka mwisho. Nilikuwa naosha vyombo, sahani zikakauka na sabuni yake. Nimeelewa mahali pawili.

Redio: Sasa, usinielewe vibaya, safari yote hiyo, na hutaelewa kitu. Unakwenda kufanya nini?

Eulalia: Kukaa.

Alisema hivyo bila mkazo wowote, akapuliza kahawa yake, ingawa ilikuwa imepoa.

Jaji: Basi una mwenzako hapa. Huyu bwana, Arvid, ni baba yake Signe. Signe ndiye anayemfuata mwanao, ukumbi huohuo.

Uso wa yule mama ulifunguka. Alihamia upande wa Dizeli wa benchi, akamwekea keki nyingine juu ya goti.

Eulalia: Aa, afadhali! Signe namsikia kila siku kwenye simu, ndiye aliyemfundisha Rubén kuteleza kwenye barafu. Sasa nisaidie, baba Signe. Rubén ameniambia wazazi wanakaa safu ya mbele, ila sikumuuliza kushoto au kulia. Wewe utakaa wapi? Nikae karibu yako, nisiwe peke yangu nisiyeelewa.

Redio aliinama kukifunga upya kiatu chake chenye kahawa. Jaji aliangalia ndani ya kikombe kisicho na kahawa. Mimi niliangalia barabara. Wote watatu tulikuwa tumemsikia Dizeli akisema nipitie karakana nimpe jibu, na hakuna aliyekuwa amemuuliza kwa nini haendi ukumbini mwenyewe.

Yule mama alisubiri. Alifikiri pengine hakusikika.

Eulalia: Kushoto, baba Signe, au kulia?

Dizeli aliishika ile keki ya mahindi, akaitazama, akaiweka kwa uangalifu juu ya benchi. Akasimama. Akaingia dukani, mlango ukajifunga nyuma yake. Tukamsikia akimuuliza Gunderson kama ile sabuni ya mafundi bado anayo, ile yenye mchanga wa kutolea grisi. Kisha bomba la nyuma ya duka likafunguliwa, na maji yakaendelea kukimbia kwa muda mrefu.

Eulalia: Nimemkosea?

Jaji: Hapana, mama. Ananawa mikono kabla ya kupanda nawe.